Kilo 412 za watu tisa

Kwenye timu yetu ya safari za umisheni kila mtu ana kitu chake. Kuna daktari, kuna nesi, kuna dada wa meno ambaye sisi wote tunamwita Mama Meno, kuna mchungaji, kuna kijana wa gitaa (huyu nitamwita Gitaa tu, jina lake ananikataza), alafu kuna mimi. Mimi ni mhasibu. Kushona kidonda sijui, nikiimba watu wanafumbua macho katikati ya maombi waone ni nani huyo, bas nikapewa stoo. Mtu wa stoo ndo anajua plasta ziko wapi, tochi iko wapi, nani kachukua betri hajarudisha, na kitu kisipoonekana yeye ndo wa kwanza kulaumiwa. Na ndo anashika daftari la mizigo.

Nataka kuliongelea hilo daftari, maana kila nikiombwa nitoe ushuhuda wa safari watu wanataka picha za milima na watoto wenye mashavu mekundu, ninazo, nyingi tu, ila nikisimama pale mbele kinachonijia kichwani ni ukurasa mmoja wenye mistari kumi na nane.

Novemba 2024, Kathmandu, Nepal. Tuko juu ya paa la nyumba ya wageni, nguo zimeanikwa pembeni, mimi na mratibu wa shirika la wenyeji lililotualika tunapima mizigo kwa mizani ya ndoano, ile ya kuning'iniza, inaishia kilo 50. Mimi nainua, yeye anasoma, mimi naandika. Watu tisa. Jumla ikaja kilo 412. Nikarudia hesabu nikidhani nimekosea, hapana, 412. Alafu kwa tabia yangu ya kazi nikagawa safu mbili, safu ya vitu vya kuwapelekea watu (dawa, vifaa vya meno, miwani ya kusomea, na kadhalika) na safu ya vitu vyetu sisi. Vya watu kilo 118. Vyetu 294. Yaani ukigawa kwa tisa kila mtumishi wa Mungu pale ana kilo 32 na ushee za kwake mwenyewe, magodoro ya kupuliza, karanga, tishati za timu zenye maandishi mgongoni, bango la kupigia picha, gitaa, na spika kubwa na betri yake.

Mratibu akaishika ile spika akauliza, didi, hii ya nini? (Didi ni dada mkubwa, Nepal hawakuiti kwa jina hovyo, unakua dada, kaka, mama, hata kwenye basi na mtu usiyemjua.) Nikamwangalia mchungaji, mchungaji akamwangalia Gitaa, Gitaa akasema labda kwa ibada.

Alichokua anauliza yule bwana ni kitu kizito kuliko tulivyosikia. Jioni yake alituweka chini akatuelezea taratibu. Katiba yao ya 2015 inakupa haki ya kushika dini yako ila inakataza kumgeuza mtu mwingine dini, na sheria ya makosa ya jinai iliyoanza kutumika Agosti 2018 imeweka adhabu, hadi miaka 5 jela na faini hadi rupia 50,000, na kama ni mgeni ukishamaliza kifungo unaondolewa nchini ndani ya siku 7. Viza ya utalii nayo hairuhusu kazi hata ya bure. Daktari wa nje hagusi mgonjwa mpaka asajiliwe na baraza lao la madaktari, ndo maana karatasi za Mama Meno zilitangulia miezi kabla yetu. Kwa hiyo hakuna mkutano wa hadhara, hakuna vijitabu, hakuna kumwambia mgonjwa njoo nikuombee wakati umeshika jino lake kwa koleo. Akiuliza mwenyewe unaamini nini, unajibu kama mtu anavyomjibu mtu. Wala sio jambo jipya, akasema, United Mission to Nepal ilipoanza mwaka 1954 iliruhusiwa kuingia kwa kazi za hospitali na sio kuhubiri, na imedumu.

Tukaitikia wote. Spika tukaondoka nayo hivyohivyo.

Labda niseme kwa nini mimi sikuliona hili mapema, maana haikua safari yangu ya kwanza milimani. Mwaka 2022 tulienda Lesotho, mwezi wa sita na wa saba, ambao kule ndo baridi yenyewe, theluji inashuka mpaka barabarani. Lesotho ni nchi ya ajabu kidogo, sehemu yake ya chini kabisa iko mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hakuna nchi nyingine duniani ambayo "chini" yake iko juu hivyo. Tulitoka Maseru na gari la foo-bai-foo mpaka Thaba-Tseka, baadaye farasi, na mizigo ikabebwa na punda. Sasa punda haandikwi jina. Unafunga gunia, unalipa mwenye punda, unaendelea na story zako. Sikupima hata kitu kimoja safari ile.

Na Lesotho ilitushusha kwa njia nyingine. Tulikua na programu ya uinjilisti imeandikwa vizuri siku kwa siku, tukafika kwenye kanisa la mawe kijijini, wazee wamejifunga yale mablanketi yao mazito yenye pini kubwa mbele, wakatusalimia Khotso, yaani amani, wakaanza kuimba kwa sauti nne bila kinanda bila kitabu, na alipopewa nafasi ya kufungua kwa maombi bibi mmoja alikwenda dakika ishirini bila kurudia neno. Wamisionari wa Kifaransa walifika kwa mfalme Moshoeshoe mwaka 1833, wakaweka kituo Morija, piga hesabu hapo ni miaka mingapi watu hawa wanaomba. Mchungaji wetu alikunja karatasi yake ya programu akaiweka mfukoni, na mpaka tunaondoka haikutoka tena. Tuliishia kurekebisha mlango wa kliniki, kusaidia kuhesabu dawa, na kusikiliza. Nadhani ni safari nzuri kuliko zote tulizofanya ila kwenye ripoti haikuonekana kitu.

Haya, turudi Nepal.

Tulikua tunaenda kaskazini ya wilaya ya Dhading, kwa Watamang, kabila la kule, chini ya milima ya Ganesh Himal. Mwisho wa Septemba mwaka huo mvua kubwa ziliipiga Nepal ya kati, watu zaidi ya 200 walikufa kwa mafuriko na maporomoko, na barabara nyingi za udongo zilikatika. Kwa hiyo jeep iliyotakiwa kutufikisha karibu na kijiji ilituacha mbali kabla, mahali ambapo barabara ilikua imeliwa kabisa na mlima umebaki mwekundu kama kidonda. Kuanzia hapo ni miguu siku moja na nusu, na mizigo ni migongo ya watu.

Kiwango kinachotajwa kwa wapagazi wa watalii kule ni kilo 30. Mratibu alisema kwetu isizidi 25 kwa kila mtu. 412 gawa kwa 25, ni wapagazi 17. Watu 17 kuwapeleka watu 9! Nikachora jedwali, namba, jina, kitu, kilo. Nane kati yao walikua wanawake.

Ngoja nieleze wanavyobeba maana sio kama kichwani tulivyozoea sisi, wala sio begi la mabegani. Kuna tenga la mianzi linaitwa doko, nyembamba chini pana juu, linakaa mgongoni, na kuna mkanda mmoja wa kamba unaopita chini ya tenga unakuja kushika kwenye paji la uso. Namlo. Uzito wote unaning'inia kwenye paji na shingo. Mikono haina kazi, mtu anaenda anasokota uzi au anakula karanga (zangu, niliwagawia). Kwa hiyo anatembea ameinama anaangalia miguu yake, miguu yenyewe iko kwenye ndala, na wewe uko nyuma yake na viatu vya bei mbaya na fimbo mbili na unahema kama mbwa. Saa ya kwanza nilijisikia vibaya, saa ya pili nilisahau kujisikia vibaya maana nilikua natafuta pumzi.

Spika ilikua mzigo namba 9, kilo 23 na betri yake. Mbebaji dada mmoja mwembamba wa shali ya kijani, kwa kumkadiria yeye mwenyewe hafiki kilo 50. Nilimwonea huruma nikamwonyesha kwa ishara, nzito? Akacheka, akawaambia wenzake kitu wakacheka wote. Kijana wa kutafsiri akasema, anasema hii nyepesi, majani ya ng'ombe ni mazito zaidi.

Ijumaa tukafungua kliniki kwenye darasa. Watu wanafikiri huduma ya afya milimani ni magonjwa ya ajabu ya kwenye sinema, wala. Ni magoti. Goti, kiuno, kikohozi cha moshi kwa sababu jiko liko ndani katikati ya nyumba na nyumba haina dohani, jino lililooza miaka, na tumbo la kuunguza ambalo wao wote wanaliita "gyastrik", wazee kwa vijana. Kazi yangu ilikua meza ya mlangoni, kuandika jina, umri, shida, na kusimamia presha kuka, ile sufuria inayobana mvuke ndani maji yapate moto zaidi.

Presha kuka ni jambo la msingi sana, naomba mnisikilize. Ukipanda juu maji yanachemka kabla hayajawa ya moto inavyotakiwa. Usawa wa bahari ni nyuzi 100, ukiwa mita 2,000 ni kama 93, ukifika 3,000 ni kama 90. Kwa chai haina shida. Kwa dengu unangoja mpaka unakata tamaa ya maisha, na kwa koleo la kung'olea meno ni hatari, kuchemsha kwenye sufuria wazi hakuui kila kitu. Kwa hiyo tulikua na presha kuka mbili, moja ya jikoni na moja ya Mama Meno, ya Mama Meno imefungwa utepe mwekundu kwenye mpini na ilipewa dakika za ziada kufidia urefu wa mlima. Siku ya kwanza mpishi akaichukua ile ya utepe mwekundu akapikia dengu. Sijawahi kumuona Mama Meno vile. Alitoka nje na glavu zake akasimama tu anaiangalia sufuria inavyopiga filimbi, akasema, nani amekula? Tulikua tumekula wote. (Ilikua imeoshwa na imechemshwa, tulipona, ila kwa siku mbili hakuna aliyegusa dengu na mpishi aliona tunamdharau.)

Jumamosi kanisani. Kule wanasali Jumamosi, sio Usabato, ni kwamba Jumamosi ndo ilikua siku yao ya mapumziko na Jumapili watu walikua kazini na shuleni. Viatu nje, mnakaa sakafuni kwenye mikeka, wanawake upande huu wanaume upande ule, mnasalimiana Jaimasi, yaani ushindi kwa Masihi, na viganja vimeunganishwa kifuani. Tukafunga spika. Nyimbo tatu, betri ikaanza kukoroma, Gitaa akahangaika na nyaya, na wenyewe wala hawakusubiri, mzee mmoja akavuta ile ngoma yao ya kulaza magotini, madal, kanisa likajaa mpaka paa la bati likawa linatetemeka. Spika ikakaa kona pale imezimwa kama mgeni ambaye hajapewa chai.

Baada ya ibada mzee wa kanisa alituonyesha ukuta. Kanisa la zamani lilikua la mawe na udongo. Tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015, lile la 7.8 lililoua karibu watu 9,000, lilipiga saa sita kasoro dakika nne mchana, na siku hiyo ilikua Jumamosi. Kwa sababu ilikua Jumamosi shule zilikua tupu, watoto maelfu wakapona. Na kwa sababu ilikua Jumamosi makanisa yalikua yamejaa. Alisema yote mawili kwa sauti ileile moja, hakuweka uzito upande wowote, akatuambia tupite tunywe chai. Mimi nilikua nimeandaa maswali, yakaniisha.

Jumapili kliniki tena. Karibu na saa nne hivi nikaona shali ya kijani kwenye foleni. Hapa nimebadilisha vitu viwili vitatu asitambulike, ila kilichotokea ndo hiki. Kwenye shida aliniambia tumbo. Nikaandika tumbo. Akaingia kwa nesi nyuma ya pazia, wakakaa muda, alafu nesi akatoa kichwa akaniambia niletee kile kiboksi cha pete.

Hizo pete wanaojua wanajua. Ni pete ya mpira inayowekwa ndani kushikilia kizazi kilichoshuka. Ni tatizo kubwa kwa wanawake wa milima ya Nepal na sababu zake zinafahamika, kuzaa mapema na mara nyingi, na kurudi kwenye mizigo mizito kabla mwili haujakaza. Kuni, maji, majani ya mifugo, mbolea ya kupeleka shamba. Tulibeba kiboksi kizima tukijua tutakutana nalo. Nilikua nimekiandika kwenye safu ya vitu vya watu, gramu mia nne na kidogo.

Mtoto wake wa tatu alikua na miezi. Alirudi kubeba siku kumi na mbili baada ya kuzaa, mama mkwe alikua anaumwa mguu, mume yuko Malaysia kiwandani, sasa nani abebe. Nesi akamwambia kila kitu cha kuambiwa, mazoezi, namna ya kuisafisha pete, lini aende kituo cha afya kuangaliwa, na kwamba asibebe vitu vizito. Akaitikia kila neno. Alafu alivyotoka akaja mezani kwangu, akainama kidogo, akaniuliza kupitia kwa yule kijana, didi, mnashuka lini? Nikasema Alhamisi. Akasema basi naomba uniandike ile spika, mimi ndo niliyepanda nayo.

Sikujibu. Kwa kweli nilifanya kama natafuta kalamu.

Usiku tuligombana. Sio mjadala, ugomvi, kwa sauti ya chini maana kuta ni mbao. Mchungaji akasema spika ibaki, tuwape kanisa, iishe. Mama Meno akasema sawa, na hela ya dada wa watu? Maana ukimwondolea mzigo umemwondolea mshahara, hiyo hela ya siku moja na nusu yeye ameshaipangia kazi. Daktari akasema tumlipe tu bila kubeba. Mratibu ndo akakataa hapo, kwa upole ila alikataa, akasema mkimlipa mtu bure mbele ya wengine 16 timu inayokuja nyuma yenu itakuta kijiji kimegawanyika, nyie mtakua mmeshapanda ndege. Gitaa alikua kimya. Mimi nilikua na daftari magotini, nikafungua ule ukurasa, nikawasomea tu, mstari kwa mstari, kitu na kilo. Bango la picha, kilo 3. Godoro, godoro, godoro. Nyama za kopo, 19. Nilipofika kwenye tishati mchungaji akasema inatosha.

Tuliamua hivi, na sisemi kwamba ni uamuzi mzuri: spika inabaki kanisani, dada anashuka na boksi la fomu za wagonjwa na maboksi matupu ya dawa, kilo 6, malipo yaleyale. Wapagazi wawili walinung'unika na walikua na haki, mratibu akapokea manung'uniko yao yeye badala yetu. Risiti aliyoniandikia baadaye ina tarehe ya mwaka 2081, kalenda yao iko mbele yetu miaka 56 na miezi, na mpaka leo nikiiona kwenye faili najiambia kwamba hesabu hiyo bado haijafika, tuna muda wa kurekebisha. Upuuzi wa mhasibu.

Sasa Gitaa. Nadhani lile daftari lilimuuma kuliko alivyoonyesha, maana Jumatatu Mama Meno na daktari walipopanda kwenda kwa familia nne za wafugaji waliokua bado malishoni juu, yeye akasema anabeba mwenyewe. Begi lake, begi la Mama Meno, na koti la daktari juu. Mimi nilienda kwa sababu ya presha kuka. Kijiji kiko kama mita 2,000, kule juu ni kama 3,600, na tulilala hukohuko siku ileile. Wanaojua milima hapa wameshashika kichwa. Ukipita 3,000 hutakiwi kupandisha mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku, sisi tulipandisha 1,600 kwa mpigo kwa sababu meno ya watu wanne yalikua yanauma na hatukua na siku za kuongeza. Daktari alisema wazi ni makosa, akasema kila mtu akiumwa kichwa aseme saa hiyohiyo.

Gitaa kichwa kilimuuma tangu saa tisa alasiri. Hakusema. Usiku alitapika nje akafukia na theluji kama paka, hakusema. Alfajiri nikamuona anaenda kuchota maji anatembea kama mlevi, anapishana na njia, nikadhani anatania. Daktari akamwambia tembea hapa, kisigino kiguse kidole, mstari mmoja. Hatua ya tatu akaanguka upande.

Ile sura ya daktari ilibadilika. Hii sio kichwa kuuma tena, alisema, ni ubongo unavimba, anashuka sasa hivi. Akamchoma deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe. Helikopta, mawingu yamefunga bonde. Farasi hakuna. Kulikua na kaka mmoja wa pale, dai tulimwita, yule alipanda na nyama za kopo mzigo namba 4, alikua amekuja kutuonyesha njia. Hakushauriana na mtu. Alichukua doko, akachukua panga, akakata upande mmoja wa tenga ukawa na mlango, akaweka blanketi chini, akaonyesha kwa kidevu, mwingize. Mgonjwa anakaa humo miguu nje, anaangalia nyuma, mgongo wake kwenye mgongo wa mbebaji. Kijana mzima mrefu, amekunjwa kama nguo. Dai akachuchumaa, akapanga namlo kwenye paji, akashika jiwe, akasimama.

Nilikua nyuma yao masaa manne. Nyuma yao maana yake uso wa Gitaa ulikua mbele yangu muda wote, anayumba, anafumbua macho, ananiangalia, anafumba. Kila baada ya dakika chache dai anaegemeza tenga kwenye ukingo wa mawe, anapumua mara kumi kwa mluzi, anaendelea. Kwenye ngazi za mawe aliteleza mara moja tu na ndala. Sikusali kwa maneno, nilikua nahesabu zile pumzi. Tulipofika kwenye miti mikubwa, mita 2,400 hivi, Gitaa akasema kitu cha kwanza cha maana tangu asubuhi, akauliza kama zile dengu zimebaki.

Jioni kijijini, yeye amelazwa kwenye mkeka anakunywa chai, nikafungua daftari kumlipa dai. Mistari ilikua kumi na saba. Nikaongeza wa kumi na nane, jina la dai, kwenye kitu nikaandika Gitaa (jina lake kamili kwa kweli, yeye mwenyewe aliniambia andika), kwenye kilo nikamuuliza una kilo ngapi akasema 74, nikaandika 74. Nikaanza kupiga hesabu.

Dai akauliza nimeandika nini. Kijana akamsomea. Dai akatikisa kichwa, akashika paji lake pale namlo ilipoacha mstari, akafikiri kidogo kama mtu anayeonja chumvi, akasema hapana, andika 82.

Nikamwangalia Gitaa. Alikua amefumba macho. Akasema kwa sauti ndogo, na viatu.

Nikakata 74.